Nuru Iliyoiva

Hapo si zamani sana, na wala si mbali kiasi cha kuuliza njia, palikuwa na nchi iitwayo Mng'aro. Mkinibana niseme ilipo, sitasema. Nitawapa dalili tu: ukifika mji ambao taa zake za barabarani zinazaa mbu, umefika. Vua viatu.

Kuvua viatu ni sheria ya huko. Siku ya uhuru Mwasisi wa taifa aliwasha taa ya kwanza ya barabarani kwa mkono wake mwenyewe, na aliiwasha miguu mitupu kwa sababu viatu vipya vilikuwa vimemuumiza kidole. Wataalamu walikaa miezi saba wakikitafakari kile kidole, kisha wakatunga sheria: yeyote atakayeisogelea nguzo ya taa avue viatu hatua tatu kabla. Na kila mwaka, Sikukuu ya Nuru ikifika, nguzo na vyuma vyote vya taa vipakwe rangi ya fedha, mpya juu ya kuukuu, bila kubandua hata gamba, maana rangi ya mwaka jana nayo ni historia.

Taa zenyewe zilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Kofia ya chuma juu, bakuli la kioo chini, balbu katikati kama kiini cha yai. Lakini mpira haujui siasa. Ule mpira wa kuzibia baina ya kofia na bakuli ulikauka, ukapasuka kama kisigino cha mkulima, mvua ikapata mlango. Mwaka wa ishirini bakuli lilikuwa na maji kidole kimoja. Mwaka wa ishirini na tano, nusu. Mwaka wa thelathini na moja, ambao ndio wa hadithi hii, balbu ilikuwa inaogelea, na mwanga uliofika chini ulikuwa wa kijani kama mlenda.

Serikali ya Mng'aro haikosei, kwa hiyo yale hayakuwa maji. Waziri wa Nuru alitangaza redioni: "Ndugu wananchi, nchi changa zina nuru kavu. Sisi nuru yetu imeiva. Embe likiiva hutoa maji, sembuse nuru?" Watu wakapiga makofi majumbani mwao, kwa kuwa redio za Mng'aro hazikubali kuzimwa mpaka zisikie makofi.

Na masika yalipofika nguzo zikaanza kupiga watu umeme, hilo nalo likapewa jina. Ukipigwa, umesalimiwa. Mbuzi wa muuza maandazi alijisugua kwenye nguzo nambari arobaini na moja, akaanguka akakauka hapo hapo. Cheti chake kiliandikwa: "Alisalimiwa, akazidiwa na furaha."

*

Sasa katika mtaa wa nguzo hiyo hiyo ya arobaini na moja, nyumba ya nane, alikuwako mama mmoja jina lake Siwema. Kazi yake kushona magunia kwa shazia, ile sindano nene kama kidole cha mtoto mchanga. Mume hakuwa naye tena, alikuwa na binti mmoja tu, Raya, wa miaka tisa, mwenye pengo la meno mawili mbele na maswali yasiyokwisha.

Siku moja ya mvua Siwema alikuwa amejitwika mzigo wa magunia, yamelowa, mazito kama dhambi. Akateleza. Akaegemea nguzo kwa bega. Ilimkamata kuanzia bega mpaka taya, meno yakagongana, magunia yakaruka huko, na alipopata fahamu alikuwa amekaa dimbwini analiita jina la marehemu mama yake.

"Hongera, Mama Raya!" wapita njia wakamwambia. "Umesalimiwa!"

Alikuwa anautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Na wazo moja lilimwingia, likakataa kutoka: Jumatatu.

Maana Jumatatu, huko Mng'aro, watoto wa shule hufuta nguzo. Ni desturi na ni somo, lina maksi zake. Kila Jumatatu asubuhi darasa linasimama kuizunguka nguzo yake na kuimba, na mtoto mmoja mwenye zamu anavua viatu, anachovya kitambaa ndooni, na kuifuta nguzo kuanzia kimo cha mkono wake mpaka chini. Jina lake limeandikwa katika Daftari la Zamu, kwa mpangilio wa nyumba za mtaa, moja baada ya moja. Mtoto akiwa mgonjwa zamu haifutwi, inakwenda nyumba inayofuata. Wana msemo wao juu ya hilo: zamu haifi, huhama.

Kiangazi nguzo ililala, watoto wakafuta wakarudi nyumbani. Masika iliamka. Jumatatu iliyopita mtoto wa nyumba ya saba alifuta baada ya manyunyu, akarudi na vidole vimekufa ganzi, akapewa nyota ya karatasi kifuani.

"Mama!" Raya alimwambia siku hiyo, anarukaruka. "Jumatatu ijayo ni mimi! Mwalimu Chiku kasema nikifuta vizuri nitang'aa mpaka uzeeni."

"Ufike kwanza huo uzee," alisema Siwema, akaenda kujifunga kanga.

*

Ofisi ya Msimamizi wa Nguzo ilikuwa na giza, kwa vile umeme wote ulikuwa umepelekwa barabarani kuiva. Bwana Kirobo, Msimamizi mwenyewe, alifanya kazi kwa koroboi. Moshi ulikuwa umempaka masharubu meusi juu ya masharubu yake meupe.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema haraka, mafuta yanaisha."

"Taa ya nguzo arobaini na moja imejaa maji. Na nguzo inapiga umeme."

Bwana Kirobo aliweka kalamu chini. "Mama, twende taratibu. Umewahi kuingia ndani ya taa?"

"Nitaingiaje, bwana?"

"Basi umejuaje kilichomo?"

"Naona kwa macho. Mbu wanatoka humo."

"Mbu hao wameandika maelezo?"

"Bwana mkubwa, mimi sina ugomvi na nuru. Nina mtoto mmoja. Jumatatu anakwenda kuishika ile nguzo, miguu mitupu, na kitambaa kimelowa."

"Mmoja!" alisema Bwana Kirobo, na kwa kweli macho yake yalijaa huruma. "Mshukuru Mungu. Kuna wenzako hawana hata huyo mmoja wa kumtoa kwa taifa." Halafu akamwandikia barua ya kwenda Idara ya Maji, kwa sababu ameyataja maji yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Idara ya Maji walimpokea vizuri. "Maji yetu yana bomba," wakamwambia. "Hayo yako yana bomba? Hayana. Basi si yetu. Yametoka juu, nenda Idara ya Mvua."

Idara ya Mvua palikuwa na karani amekaa mezani na mwavuli umefunguka, kwani paa lilikuwa linavuja. "Mvua ipi, mama?" aliuliza, akijipangusa uso. "Mwaka huu mvua haijazinduliwa. Mgeni rasmi bado anatafutwa."

Ikatokea kwamba mtu akifika ofisi tatu kwa wiki moja, sheria ya Mng'aro inataka iundwe Tume. Alhamisi Tume ikaja, wajumbe tisa, wakavua viatu jozi tisa, wakasimama mbali na nguzo wakapigwa picha. Hakuna aliyetazama juu. Shingo hazikuwamo katika majukumu yao. Jioni ripoti ikasomwa: chanzo cha tatizo ni mvua kunyesha bila mpangilio, pendekezo ni rangi, tena nzito, ili unyevu usione njia. Usiku haujaingia, taa ilikuwa imepakwa rangi ya thelathini na moja.

"Ona, wameshughulikia," alisema jirani yake, Mama Tunu wa nyumba ya tisa, akiwa kibarazani anapeta mchele. "Wewe nawe, shoga, una wasiwasi kama kuku aliyeona mwewe wa mwaka jana."

"Mwewe huyu nimemwona wiki hii. Alinishika bega."

"Haya, haya. Njoo tule."

Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na miwili. Raya na Tunu walizaliwa mwezi mmoja, wakanyonya huku na huku, mama wa mmoja asipokuwapo, aliyekuwapo ni wa wote wawili.

*

Ijumaa Siwema alimwendea Fundi Pandu, ambaye zamani alikuwa fundi wa taa za Mwasisi na sasa alikuwa anaziba sufuria. Alifukuzwa kazi, na hukumu yake ilikuwa kutotazama juu mpaka afe. Alitembea amevikodolea macho vidole vyake vya miguu. Mvua ikija alijua kwa kulowa.

"Usinitajie taa," alisema, akigonga sufuria. "Nina wajukuu."

"Sikutajii. Nakuuliza tu habari ya sufuria. Sufuria ikiingia maji kwa juu, inafanywaje?"

Fundi Pandu aliacha kugonga. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekaa miaka bila kuulizwa jambo la maana.

"Sufuria ya namna hiyo," alisema polepole, "aliyeiunda hakuwa mjinga. Alijua mpira utakauka. Kwa hiyo chini kabisa, kwenye kitako cha chuma, aliacha tundu. Dogo, kama punje ya mchele. Maji yanaingia, maji yanatoka, mambo kwisha. Kitovu, tulikuwa tunakiita. Kila sikukuu nilikuwa naenda na msumari nakizibua baada ya wapaka rangi. Nikawaambia mabwana: pakeni rangi yenu, lakini acheni kitovu. Wakasema, 'Pandu anaitoboa nuru ya Mwasisi.' Ndiyo hivi ninatazama vidole."

"Kwa hiyo rangi…"

"Rangi thelathini na moja, mama. Rangi ndiyo imeizamisha. Na maji yakifika kwenye nyaya, umeme unashuka na nguzo yenyewe kutafuta udongo. Ukimpata mtu miguu mitupu, anakuwa yeye ndiye njia." Akarudia kugonga. "Mwanzi mkavu, uwe mrefu. Ndara za mpira miguuni, na ubao mkavu chini ya ndara. Usishike chuma. Na mimi sikukuambia kitu, nimezungumza habari ya sufuria."

*

Jumamosi saa sita mchana Waziri wa Nuru huhutubia, na raia wote wanatakiwa kuwa ndani, mbele ya redio, mikono tayari. Njia ilikuwa tupu. Siwema alifunga shazia kwenye ncha ya mwanzi kwa uzi wa gunia, akapanda juu ya ubao, ndara miguuni. Ndani ya nyumba zote sauti ya Waziri ilikuwa inasema, "…nuru ambayo hata samaki wangeionea wivu…" na makofi yanaitika kama mvua juu ya mabati.

Alipapasa kwa ncha. Akakosa. Akapapasa tena. Rangi ilikuwa nene kama ukoko. Akasukuma kwa nguvu za kushonea gunia la pembe nne, na ukoko ukatoka.

Jamani! Yalimwagika maji ya kijani yenye uvundo wa miaka kumi na moja, viluwiluwi wa mbu wakajipindapinda kwenye vumbi, na chura mmoja mdogo akaanguka, akakaa kitako, akashangaa. Siwema akakimbia na mwanzi wake. Alipogeuka kufunga mlango alimwona Mama Tunu dirishani, mikono imesimama katikati ya kofi.

Wakatazamana. Mama Tunu akamalizia kofi lake, akafunga dirisha.

Jioni ile taa ya arobaini na moja iliwaka nyeupe. Watu walitoka nje wakainua nyuso. Mzee mmoja aliona mkono wake mwenyewe, akalia. Raya na Tunu walikaa chini yake, hatua nne kutoka kwenye nguzo, wakasomeana kitabu cha hesabu kwa sauti, na Siwema alisikia kila neno kutoka jikoni. Alikula akashiba kwa mara ya kwanza wiki ile.

*

Jumapili asubuhi Bwana Kirobo alifika na askari wanne na ngazi.

"Nuru hii ni mbichi!" alipaza sauti. "Ni kavu, ni ya kigeni! Mhaini ameijeruhi taa ya Mwasisi na kuimwaga nuru ya taifa ardhini. Tumekuta jeraha. Limetobolewa na kitu chembamba chenye ncha. Nani kaona?"

Wakaulizwa nyumba kwa nyumba. Nyumba ya tisa askari walikaa muda mrefu. Siwema, upande wa pili wa ukuta, alikuwa amekalia shazia yake.

"Mimi nilikuwa napiga makofi," alisikia sauti ya Mama Tunu. "Kama hamuamini, oneni viganja."

Basi. Hakusema zaidi, na wao hawakupata zaidi. Jeraha likazibwa kwa saruji, saruji ikapakwa rangi, na kwa kuwa nuru ya taifa haiwezi kupungua, ndoo mbili zilipandishwa kwa ngazi zikamiminwa ndani kwa juu. Maji yenyewe yalitoka Idara ya Maji. Safari hii hawakuuliza habari ya bomba. Kisha Bwana Kirobo akaweka askari wa kuzunguka mtaa, kupekua kila nyumba yenye kitu chembamba chenye ncha.

Mchana mvua ikaanza. Haikuzinduliwa na mtu. Ikanyesha mpaka asubuhi.

*

Jumatatu, alfajiri ndiyo inakucha, Siwema alikata kitunguu kikubwa nusu kwa nusu, akazipasha nusu zote mbili kwenye jiko, akamwekea Raya makwapani.

"Kinachoma, Mama."

"Kibane. Ukifika kwa Mwalimu uinamishe macho."

"Lakini leo zamu yangu! Nimekiandaa na kitambaa!"

"Raya. Kibane."

Mwalimu Chiku, mwalimu wa zamu, hakuwa mtu mbaya. Alimgusa Raya shingo, akaguna, akaandika: homa. Akalifungua Daftari la Zamu. Siwema aliona kidole cha mwalimu kikishuka mstari mmoja.

Angesubiri dakika moja angelisikia jina. Hakusubiri. Alimshika binti yake mkono akaondoka, na njia nzima alikuwa anahesabu vitu visivyo na maana, mawe, madirisha, kuku, ili asije akahesabu nyumba.

Lakini nyumba hazihitaji kuhesabiwa ukiwa umezaliwa na akili. Baada ya nane ni tisa.

Hajamfunika Raya shuka vizuri, hodi ikapigwa.

"Mama Raya! Pole, nimesikia mtoto ana homa. Vipi sasa?" Ni Mama Tunu, anatweta, kanga imelowa mabega. "Basi zamu imemwangukia Tunu, ghafla bin vuu, hana hata kitambaa. Niazime kile cha Raya, shoga yangu, wanaanza kuimba sasa hivi."

Kitambaa kilikuwa juu ya kiti, kimekunjwa, jina la Raya limetariziwa pembeni kwa uzi mwekundu. Siwema alikichukua. Alifungua mdomo. Nyuma ya bega la Mama Tunu, mlangoni kwa jirani wa mbele, askari alikuwa anapekua kikapu cha sindano. Ilikuwa ni kusema neno moja: usimpeleke. Na neno hilo lingevuta la pili, na la pili lingevuta kitunguu, na kitunguu kingevuta shazia.

"Mwambie avae viatu," alisema.

"Viatu? Nguzoni?" Mama Tunu akacheka, akaunyakua ule mkono wenye kitambaa akaubana kwa mapenzi. "Wewe unataka wanifunge! Haya, mpe mtoto supu." Akavuta pumzi puani. "Naona umeshaanza, nasikia harufu ya kitunguu."

Akakichukua kitambaa, akaenda mbio.

Siwema alisimama pale pale. Raya alisema kitu, hakukisikia. Aliusikia wimbo wa nguzo, sauti arobaini za watoto, ubeti wa kwanza. Ndipo miguu yake ikakumbuka kazi yake. Aliuchomoa mwanzi darini, akampita askari, akampita Bwana Kirobo aliyekuwa anapiga filimbi, akateleza, akainuka, wimbo ukaingia ubeti wa pili.

Tunu alikuwa amesimama na mkono juu ya nguzo, kama mtu anayeamkiana na mkubwa wake. Kitambaa kilikuwa kinatoa moshi. Siwema alimsukuma kwa mwanzi, mtoto akaachia, akaanguka.

Watoto waliendelea kuimba mpaka ubeti wa nne, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

*

Mazishi yalikuwa mazuri, yalihudhuriwa na magari sita. Waziri alisema Tunu hakufa, ila nuru imemchagua. Nguzo ikapewa jina lake, na ili kumuenzi ikapakwa rangi mbili kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kufanyika tangu uhuru. Tume ikakaa tena. Safari hii ilipata mkosaji: kitambaa. Kilikuwa na unyevu. Kitambaa kikawekwa rumande siku tatu, kikahojiwa, kikanyamaza, kikaachiwa kwa kukosa ushahidi. Kikarudishwa kwa wafiwa pamoja na barua ya pole.

Siku hizo zote Siwema alikwenda matangani akaosha vyombo, akapika, akakaa mkekani na wenzake. Hakuweza kumtazama Mama Tunu usoni, na watu wakasema, tazama anavyohuzunika, kama mtoto wake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, mchana, Mama Tunu alikuja mlangoni. Hakupiga hodi. Mkononi alikuwa na kitambaa, amekifua, amekipiga pasi, amekikunja nne. Jina jekundu lilikuwa juu.

"Nimekurudishia chako."

Siwema alikipokea.

"Mama Raya," alisema Mama Tunu kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei ya mchicha. "Homa ya Raya imeshuka?"

Raya alikuwa uani, anaruka kamba peke yake. Sauti ya kamba ilisikika, tap, tap, tap.

"Hakuwa na homa," alisema Siwema.

"Hm."

"Nilimwekea kitunguu. Nilijua nguzo inaua. Nilitaka kusema, askari alikuwa…"

"Nilikisikia," alisema Mama Tunu. "Harufu yake. Wiki nzima nalala nacho puani. Nilisema, Mama Raya anampikia mwanawe supu." Kamba ikaendelea. "Mimi waliniweka saa nzima, mmoja kanishika shingo hapa, sikusema. Wewe ulikuwa na neno moja tu la kuniambia, na nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Siwema alipiga magoti. Mama Tunu alirudi hatua nyuma, kama mtu anayekwepa tope.

"Inuka. Sikusamehe, usije ukangoja. Siku nikikusamehe utasikia mwenyewe, na huenda usisikie." Akajifunga kanga upya, akaikaza. "Lakini kesho ni Jumatatu na mawingu haya hapa. Zamu imehamia nyumba ya kumi. Nyumba ya kumi wana mtoto. Leta hiyo shazia."

Siwema aliileta. Hakuificha ndani ya kanga. Mama Tunu alibeba mwanzi begani, na wakapita katikati ya njia, mchana kweupe, mmoja mbele na mmoja nyuma, bila kusemezana. Bwana Kirobo akiwa chini ya nguzo aliwaona, akatia filimbi mdomoni. Wao hawakwenda nguzoni kwanza. Walikwenda nyumba ya kumi, na Siwema ndiye aliyepiga hodi, kwa kiganja kizima, ili nyumba ya kumi na moja na ya kumi na mbili zisikie pia.

Mimi niliyesimulia naishia hapo mlangoni. Sijui kama walifunguliwa kabla ya filimbi au baada yake. Nijualo ni kwamba taa zile bado zina maji, na masika bado yanakuja bila kuzinduliwa, na kitunguu hakikingi zaidi ya nyumba moja.

Hodi inapigwa. Uliye ndani, fungua.